Gitaa bila ampli: Chagua boksi utakalolimudu jukwaani

Mpiga solo wa bendi ya dansi siku hizi anaweza kufika kazini kwa bodaboda. Gitaa liko mgongoni, begi dogo kifuani, na ndani ya begi hilo mna kazi yote ambayo zamani ilihitaji gari na vijana wawili wa kubeba vyombo. Ampli ya Roland JC-120, iliyoingia sokoni mwaka 1975 na kupendwa kwa mlio wake safi na korasi yake, ina uzito wa kilo 28 hivi. Fender Twin Reverb inakaribia kilo 29. HX Stomp ya Line 6, kiboksi kinachoiga ampli za aina hizo na nyingine nyingi, hakifiki hata kilo moja na nusu.

Ndiyo maana katika kumbi za harusi, baa zenye muziki wa moja kwa moja na makanisa mengi, gitaa halina tena ampli yake. Linaingia kwenye boksi, boksi linaingia kwenye miksa, na mlio unatokea kwenye spika za ukumbi. Fundi mitambo anafurahi kwa sababu jukwaa limetulia na sauti za waimbaji zinasikika. Mwenye bendi anafurahi kwa sababu nauli ya vyombo imepungua.

Shida huanza pale boksi linapogoma. Ampli ya zamani ilikuwa na vitufe vichache, na fundi yeyote alijua pa kuanzia: fyuzi, waya, spika. Boksi la kidijitali lina kurasa nyingi za menyu, na kosa linaweza kuwa kwenye waya uliokatika au kwenye mstari mmoja uliojificha ndani ya ukurasa usioukumbuka. Huku nyuma bwana harusi na bibi harusi wamekwishafika mlangoni.

Kwa hiyo nawasihi wapiga magitaa, viongozi wa bendi na kamati za muziki makanisani wabadili namna ya kununua vifaa hivi. Dukani watu huuliza boksi lina ampli ngapi na efekti ngapi. Swali linalookoa kazi ni jingine: likikorofika mbele ya watu, nitaweza kulirudisha katika hali yake kwa dakika moja? Boksi zuri kwa jukwaa ni lile ambalo mwenyewe unalijua njia zake zote.

Kilichomo ndani

Wengi wetu tunaviita vifaa hivi prosesa. Vya kisasa vinavyoiga ampli nzima huitwa pia modela. Safari yake si ya jana. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995. Line 6 wakaja na ampli ya AxSys 212 mwaka 1996, kisha mwaka 1998 wakatoa POD, kile kidude chekundu chenye umbo la haragwe kilichoingia studio nyingi duniani. Fractal Audio walitoa Axe-Fx mwaka 2006, na Helix ya Line 6 ikafuata mwaka 2015.

Vifaa vya ukoo huo hufanya kazi kwa hesabu: mhandisi anaichambua ampli kipande kwa kipande, kisha anaandika programu inayofanya kile ambacho kila kipande hufanya. Ukizungusha kitufe cha besi kwenye boksi, kinajibu kama kitufe cha ampli yenyewe kinavyojibu.

Kuna njia ya pili, ya kunasa. Kampuni ya Kemper ya Ujerumani ilionyesha Profiler yake mwaka 2011. Unaiunganisha na ampli halisi, inapitisha milio ya majaribio, inasikiliza kinachorudi, kisha inatengeneza nakala. Quad Cortex ya Neural DSP kutoka Ufini na ToneX ya IK Multimedia kutoka Italia zinafanya kazi hiyo kwa kutumia mitandao ya neva ya kompyuta, na programu ya Neural Amp Modeler iliyoanzishwa na Steven Atkinson inapatikana bure kwa mwenye kompyuta. Nakala ya kunasa ni kama picha ya pasipoti: inaonyesha ampli ilivyokuwa dakika ile, vitufe vikiwa pale vilipokuwa. Ukisogeza geini mbali sana na hapo, unachosikia si ampli ile tena.

Njia zote mbili zinahitaji kitu cha tatu, nacho ni spika. Spika ya ampli ya gitaa haitoi kila kitu; juu ya hezi 5,000 hivi sauti yake hushuka kwa kasi, na huko kushuka ndiko kunakoufanya mlio uwe laini. Spika za ukumbi hutoa kila kitu. Kwa hiyo boksi lazima liige na spika pia, na kazi hiyo hufanywa na mafaili mafupi yaitwayo IR. Ukienda kwenye miksa, IR iwashwe. Ukichomeka boksi kwenye ampli ya gitaa yenye spika yake, IR izimwe. Ukisahau kuiwasha, mlio unachoma masikio. Ukisahau kuizima, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Malalamiko mengi kwamba boksi fulani ni bovu huishia hapa.

Dansi linataka nini

Matangazo mengi ya vifaa hivi hulenga wapiga roki, wanaotaka mlio uliopasuka na kukwaruza. Sisi muziki wetu ni mwingine. Sikiliza Les Wanyika katika Sina Makosa, au magitaa ya DDC Mlimani Park: solo, rithim na besi vinapishana bila kugongana, na kila noti inasikika ikiwa nzima. Mlio ni safi, una korasi kidogo, pengine na mwangwi mfupi. Anayecheza sebene la Kikongo naye anataka uzi ujibu upesi chini ya kidole, si mlio unaojivuta.

Habari njema ni kwamba mlio safi ni rahisi kuigwa kuliko ule ulio ukingoni mwa kupasuka. Boksi la bei ya chini la Zoom, Valeton, Mooer au Nux linaweza kubeba onyesho zima la dansi au ibada nzima bila msikilizaji kugundua tofauti. Ukiwa na fedha za ziada, usikimbilie boksi lenye ampli 200 ambazo hutazigusa. Nunua adapta ya akiba, waya mbili nzuri na kitu cha kulinda umeme. Hivyo ndivyo vitakavyokufikisha wimbo wa mwisho.

Tazama mgongo wa boksi

Dukani, kabla ya kusikiliza chochote, ligeuze boksi uone mgongo wake. Tafuta tundu la kutolea sauti la XLR, lile la pini tatu kama la maikrofoni. Waya wake husafiri kwa usalama hadi kwenye miksa iliyo mwisho wa ukumbi bila kuokota kelele njiani. Kama boksi lina matundu ya kawaida ya jeki tu, bado linafaa, ila bajeti yako iongezwe boksi la DI, ambalo huubadilisha mlio huo uwe wa kusafiri mbali.

Kisha tazama linakula umeme wa namna gani. Helix kubwa ya sakafuni huchomekwa moja kwa moja kwa waya ule ule wa kompyuta ya mezani, ambao ukiusahau nyumbani utaupata Kariakoo au Luthuli Avenue kwa bei ya chakula cha mchana. HX Stomp inataka adapta yake ya volti 9 yenye uwezo wa ampea 3. Adapta ya pedali ya kawaida, hata kama plagi yake inaingia, haitoshi. Angalia pia mchoro wa chanya na hasi ulio karibu na tundu, maana adapta nyingi za pedali huweka hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za vifaa vya nyumbani. Kama kifaa umeletewa na ndugu kutoka Marekani, soma maandishi ya adapta: ikiandikwa volti 100 hadi 240, iko salama, ikiandikwa 120 peke yake, soketi zetu zitaiua siku ya kwanza.

Mwisho, hesabu swichi za mguu. HX Stomp ina tatu, Helix kubwa ina kumi na mbili. Mpiga rithim anayetumia milio miwili usiku kucha anatosheka na tatu. Mpiga solo anayeongeza sauti, kuwasha mwangwi, kutune na kurudi kwenye mlio wa kawaida atazikuta tatu ni chache, ataanza kuinama katikati ya wimbo.

Tengeneza mlio kwa sauti ya ukumbini

Kosa linaloharibu maonyesho mengi hufanyika nyumbani, usiku, kwa sauti ya chini ili majirani wasiamke. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walieleza sababu yake: sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu halisikii vizuri besi, na sauti kali za juu nazo hupungua. Mpiga gitaa aliye chumbani anaongeza besi, anaongeza ukali, anaridhika. Ukumbini sauti inapopandishwa, sikio linaanza kusikia vyote alivyoongeza. Gitaa linanguruma chini, linachoma juu, na katikati, mahali ambapo melodi inaishi, hakuna kitu.

Tiba ni kumalizia mlio kwenye mazoezi, bendi nzima ikipiga, kwa sauti inayokaribia ya kazini. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi unatoa hezi 82 tu. Chini ya hapo hakuna noti ya gitaa, kuna ngurumo inayogombana na besi na ngoma kubwa. Kata chini kuanzia hezi 80 hadi 100. Juu, jaribu kukata kuanzia hezi 6,000 hadi 8,000. Punguza mwangwi, kwa kuwa ukumbi una mwangwi wake. Mlio utakaobaki, ukiusikiliza peke yake, utauona mkavu na mwembamba. Usikilize ndani ya bendi: utakuta umepata nafasi yake.

Kwa solo, usiongeze mkwaruzo ili usikike. Ongeza sauti kwa desibeli mbili au tatu, na sogeza juu kidogo masafa ya kati. Hakikisha mipangilio yako yote ina kiwango kimoja cha sauti, maana fundi mitambo akikukuta umepaa ghafla kwenye wimbo wa tatu, atakushusha, na hatakumbuka kukurudisha.

Jambo jingine la kuangalia ni ukimya. Boksi nyingi zinapohama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine hukata sauti kwa sekunde kidogo. Katika sebene, pengo hilo linasikika hadi nje. Ndiyo maana Line 6 waliweka kitu wanachokiita snapishoti, nacho kwa Fractal huitwa sini: mpangilio unabaki ule ule, zinazobadilika ni efekti zilizowashwa na viwango vyake. Panga nyimbo zako zote ndani ya mpangilio mmoja au miwili ya namna hiyo.

Likigoma, fuata njia ya mlio

Mlio una njia moja: gitaa, waya, boksi, waya, miksa, spika. Asiyefuata njia hiyo hugusa kila kitu na mwisho hajui alichoharibu na alichotengeneza.

Hakuna sauti kabisa? Washa tuna ya boksi, piga uzi. Tuna ikicheza, gitaa na waya wa kwanza ni wazima. Chomeka hedifoni. Ukisikia mlio humo, boksi nalo ni zima. Tatizo liko kwenye waya wa kutokea au kwenye chaneli ya miksa. Usiposikia kitu kwenye hedifoni wakati tuna inacheza, angalia pedali ya mguu: mara nyingi imerudishwa nyuma kabisa na mpangilio umeipa kazi ya sauti. Uchunguzi huu unamalizika kabla mwimbaji hajamaliza kusalimia wageni.

Kuna kisa kimoja ambacho huwashangaza hata mafundi. Miksa imebaki na tundu moja tu la jeki, mtu anachukua mlio kutoka tundu la hedifoni, tena kwa waya wenye pete mbili nyeusi kwenye jeki yake. Gitaa linapotea, unabaki kusikia mwangwi na korasi kwa mbali, kama vile mpigaji yuko chumba cha pili. Hakuna kilichoungua. Tundu la hedifoni hutoa milio miwili, kushoto na kulia, na tundu hilo la jeki la miksa huondoa mmoja kutoka kwa mwenzake ili kufuta kelele. Vilivyo sawa pande zote mbili, yaani gitaa lenyewe, vinafutana. Vilivyo tofauti, yaani mwangwi, vinabaki. Hamia tundu la boksi lililoandikwa kushoto au mono, tumia waya wa kawaida, na gitaa litarudi.

Mlio unapasuka vibaya? Mwombe fundi ashushe geini ya chaneli yako. Mpasuko ukiisha, ni miksa ndiyo iliyokuwa inazidiwa, kwa kawaida kwa sababu boksi linatuma kiwango cha laini kwenye tundu linalosubiri kiwango cha maikrofoni. Mpasuko ukibaki ila kwa sauti ndogo, umetokea kabla ya miksa, basi rudi kwenye boksi ushushe sauti ya kutokea. Ni vizuri kumwambia mapema: "Fundi, nakutumia mlio wa laini, si wa maiki, na naomba umeme wa fantomu ufungwe kwenye chaneli yangu." Fantomu ni zile volti 48 zinazolisha baadhi ya maikrofoni, na si kila boksi linazivumilia.

Kuna mvumo? Funga sauti ya gitaa. Ukiisha, unatoka kwenye pikapu zinazookota taa na nyaya za umeme; geuka au sogea hatua mbili. Ukibaki, na ni ule mvumo mnene wa hezi 50 wa umeme wetu, boksi na miksa vimepata njia mbili za ethi na mkondo unazunguka baina yake. Chomoa kompyuta au chaja iliyounganishwa kwenye boksi. Bonyeza swichi ya kutenganisha ethi iliyo karibu na tundu la XLR, au tumia boksi la DI lenye transfoma. Boksi na miksa, ikiwezekana, vichomekwe kwenye soketi za mstari mmoja.

Kuna tiba moja ambayo hairuhusiwi kamwe: kufungua plagi na kuchomoa waya wa ethi. Mvumo utaondoka, ni kweli. Utakuwa umeondoa pia kinga kuu iliyo kati ya umeme na mwili wako. Nyuzi za gitaa ni chuma, kichwa cha maikrofoni ni chuma, na mwimbaji anayepiga gitaa hushika kimoja na kugusa kingine kwa midomo. Siku kifaa kimoja kitakapovuja umeme, mkondo utapita kwake. Anayefanya hivyo kwenye bendi yako mzuie, awe kijana au mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi.

Mlio unachelewa? Boksi nzuri huchelewesha kwa milisekunde chache tu. Sauti husafiri mita moja hewani kwa karibu milisekunde tatu, kwa hiyo aliyezoea kusimama mita tatu kutoka kwenye ampli yake alikuwa anavumilia ucheleweshaji mkubwa zaidi bila kujua. Ukisikia uchelewaji wa wazi, mtuhumiwa wa kwanza ni bluetooth, iwe ya hedifoni au ya spika. Usiitumie kupigia gitaa.

Umeme ukikatika

Ampli ya gitaa ya transista umeme ukirudi inaendelea pale pale. Boksi la kidijitali ni kompyuta: lazima liwake upya, na baadhi huchukua nusu dakika na zaidi. Umeme ukiyumba kwa kupepesa jicho tu wakati ukumbi unahamia kwenye jenereta, wapiga tumba na tarumbeta wanaendelea, nawe unatazama nembo ya kampuni kwenye kioo. Kwa kuwa boksi hizi hula umeme kidogo, UPS ndogo ya kompyuta inatosha kulivusha boksi lako, na inalilinda pia dhidi ya umeme wa jenereta unaopanda na kushuka.

Kuna sheria mbili nyingine za kulinda kazi. Usisasishe programu ya ndani ya boksi siku mbili tatu kabla ya onyesho. Fanya hivyo wiki isiyo na kazi, baada ya kuhifadhi nakala ya mipangilio yako kwenye kompyuta. Na uwe na njia ya pili: boksi dogo la DI na pedali moja ya korasi vikae ndani ya begi. Mlio wake hautakuwa mtamu vile, lakini rithim haitasimama.

Kabla ya kulipa

Muuzaji akubali au asikubali, omba kulijaribu boksi kwenye mazoezi ya bendi nzima, si dukani kwa hedifoni. Jiwekee mtihani: zima boksi, liwashe, pata mlio safi, ongeza sauti ya solo, tune, kata chini na juu, washa na uzime IR, yote bila kufungua kitabu cha maelekezo na bila kumuuliza mtu. Ukifaulu baada ya jioni moja ya kujifunza, hilo ni boksi lako hata kama ni la bei ndogo. Ukishindwa, liache, hata kama mpigaji unayempenda analitumia.

Viongozi wa bendi na kamati za makanisa nao wana sehemu yao. Mpiga gitaa akiwa peke yake anayejua mipangilio, akiugua kazi imelala. Andikeni kwenye karatasi moja: tundu lipi linakwenda miksa, adapta ni ya volti na ampea ngapi, IR iko ukurasa gani, nakala za mipangilio zimehifadhiwa wapi. Mfundisheni na kijana anayechipukia. Muziki wa magitaa matatu yanayozungumza umetuchukua miongo mingi kuujenga, na vifaa hivi vinaweza kuubeba miongo mingine, alimradi anayelikanyaga boksi awe bwana wake.